Pellegrino Artusi: Mfanyabiashara aliyewafunza Waitalia upishi wa nyumbani

Ilikuwa Jumamosi jioni, majira ya joto ya mwaka wa 1855, mfanyabiashara mmoja kijana alipoingia katika mkahawa wa mji wa bandari wa Livorno, magharibi mwa Italia, akaagiza supu. Alikuwa amefika huko kuoga baharini, kama ilivyokuwa ada ya watu wa bara wakati wa joto. Akaletewa bakuli la minestrone, supu nzito ya mboga za kila aina, akaila yote. Kisha akaenda kulala katika nyumba mpya ya bwana mmoja aliyeitwa Domenici.

Usiku huo hakupata hata lepe la usingizi. Tumbo lilimsokota hadi alfajiri, naye akailaumu na kuilaani ile supu aliyoila. Kulipopambazuka alipanda gari la moshi akarejea Florence, na huko akapata nafuu. Jumatatu habari zikafika kwamba kipindupindu kilikuwa kimezuka Livorno, na kwamba mtu wa kwanza kuangamia alikuwa Domenici, mwenye nyumba aliyokuwa amelala. Supu ile haikuwa na hatia yoyote.

Kijana huyo aliyenusurika aliitwa Pellegrino Artusi. Miaka mingi baadaye aliirudia supu hiyo jikoni mwake, akaijaribu tena na tena hadi iliporidhisha ulimi wake, kisha akakiandika kisa hiki katika kitabu pamoja na maelezo ya kuipika. Kitabu hicho, ambacho wachapishaji walikidharau na watu wa mji wake wakakifanyia mzaha, ndicho kilichokuja kuwa mwalimu wa jikoni wa taifa zima la Italia.

Artusi alizaliwa tarehe 4 Agosti 1820 katika mji mdogo wa Forlimpopoli, katika eneo la Romagna, kaskazini mashariki mwa Italia. Wakati huo hapakuwa na nchi moja iliyoitwa Italia. Rasi hiyo ilikuwa imegawanyika vipande vipande chini ya wafalme na watawala mbalimbali, na Romagna ilikuwa sehemu ya dola iliyotawaliwa na Papa kutoka Roma.

Babake, Agostino, alikuwa mfanyabiashara aliyejiweza, mwenye duka la bidhaa na dawa. Wenyeji walimpa jina la utani lenye maana ya mkunga mdogo, yule samaki mwembamba anayeteleza kama nyoka. Mamake aliitwa Teresa Giunchi. Familia ilikuwa kubwa, yenye mabinti wengi, na Pellegrino alitarajiwa kuishika biashara ya babake. Alisomea katika seminari ya Bertinoro, mji wa jirani, ila hakuwa na nia ya kuwa padri.

Katika ujana wake alifika mara kwa mara Bologna, mji uliosifika kwa chuo kikuu na kwa mapishi. Huko, kwenye mkahawa mmoja mnamo 1850, alikaa karibu na kundi la wanafunzi waliozungumza siasa kwa jazba. Miongoni mwao alikuwamo Felice Orsini, mwanamapinduzi ambaye mwaka wa 1858 angerusha mabomu jijini Paris akitaka kumuua Mfalme Napoleon wa Tatu, na akauawa kwa kukatwa kichwa. Artusi, aliyekuwa akila makaroni yake kimya, hakulisahau tukio hilo. Nalo pia alilitia katika kitabu chake cha mapishi, kana kwamba historia na chakula ni ndugu wa tumbo moja.

Hata hivyo, tukio lililoyageuza maisha yake lilitokea nyumbani kwao usiku wa tarehe 25 Januari 1851.

Wakati huo Romagna ilikuwa ikihangaishwa na genge la majambazi lililoongozwa na Stefano Pelloni, aliyejulikana kwa jina la Passatore. Usiku huo genge hilo liliuteka mji wa Forlimpopoli. Matajiri wengi wa mji walikuwa katika ukumbi wa michezo ya kuigiza. Pazia lilipofunguliwa, waliojitokeza jukwaani hawakuwa waigizaji bali majambazi waliowaelekezea watazamaji bunduki. Majina ya wenye mali yakaitwa moja baada ya jingine, na kila aliyeitwa akalazimishwa kutoa alichokuwa nacho.

Familia ya Artusi haikuwa ukumbini. Ilikuwa nyumbani, nayo majambazi wakaifuata huko huko. Walimtumia mtu aliyefahamika na familia abishe hodi, na mlango ulipofunguliwa wakaingia kwa kishindo. Pellegrino alipigwa. Nyumba iliporwa. Dada zake wakadhulumiwa. Mmoja wao, Gertrude, alitoroka kupitia paa la nyumba akiwa amejawa na hofu kuu. Tangu usiku huo akili yake haikurejea tena, na alimalizia maisha yake katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Pesaro.

Passatore aliuawa na askari wa Papa mwezi wa Machi mwaka huo huo. Lakini kwa familia ya Artusi maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Mnamo 1851 walifunga biashara, wakauaga mji waliozaliwa, wakahamia Florence katika jimbo la Toscana. Pellegrino alikuwa na umri wa miaka 30.

Ugenini alianza upya. Alifanya kazi kwa muda katika nyumba ya biashara huko Livorno, kisha akajitosa katika biashara ya hariri na ya kukopesha fedha mjini Florence. Alikuwa mtu wa hesabu, mwangalifu na asiye na papara, na mali yake ikazidi mwaka baada ya mwaka. Dada zake wengine waliolewa, wazazi wakafariki, naye akabaki peke yake. Hakuoa maishani mwake.

Alipokaribia umri wa miaka 50 alikuwa na fedha za kumtosha hadi kufa. Akaachana na biashara, akafanya makao yake katika nyumba moja kwenye uwanja wa Piazza d'Azeglio, akajitolea kwa mapenzi yake mawili, yaani vitabu na chakula. Mwaka wa 1878 alichapisha wasifu wa mshairi Ugo Foscolo, na baadaye maelezo kuhusu barua za mshairi Giuseppe Giusti. Vitabu hivyo viwili havikupata wasomaji, na leo vingekuwa vimesahauliwa kabisa lau si jina la mwandishi wake.

Ndipo akaligeukia jiko.

Haifai kudhani kwamba Artusi ndiye aliyekuwa akishinda mekoni akichochea moto wa mkaa. Kazi hiyo ilikuwa ya watumishi wake wawili: Francesco Ruffilli, mpishi wake, na Marietta Sabatini, mwanamke kutoka Toscana aliyesimamia nyumba. Bwana huyu mwenye masharubu makubwa alisoma, akaulizia, akakusanya maelekezo kutoka kwa marafiki na wenye mikahawa, kisha akawapa Francesco na Marietta wajaribu. Yeye alionja, akapima, akaagiza chumvi ipunguzwe au moto upunguzwe, na chakula kikapikwa upya hadi kikakubalika. Hakuna pishi lililotiwa kitabuni bila kupita mtihani huo. Keki moja maarufu katika kitabu hicho aliipa jina la Marietta, kwa kuwa ndiye aliyemfundisha.

Mswada ulipokamilika aliupeleka kwa wachapishaji, nao wakaukataa. Msomi mmoja rafiki yake alimtabiria waziwazi kwamba kitabu hakitafanikiwa. Artusi hakufa moyo. Mwaka wa 1891, akiwa na umri wa miaka 71, alitoa fedha zake mwenyewe, akachapisha nakala 1,000 katika matbaa ya Salvatore Landi mjini Florence. Kitabu kilikuwa na maelekezo 475 ya mapishi, na jina lake lilizungumzia sayansi ya jikoni na sanaa ya kula vizuri. Kwa mzaha wake wa kizee, alikitabaruku kwa paka wake wawili weupe, Biancani na Sibillone.

Dharau kubwa zaidi ilitoka kwao. Forlimpopoli walipoandaa maonyesho yenye bahati nasibu ya kuchangia hisani, Artusi alituma nakala mbili za kitabu chake ziwe zawadi. Walioshinda nakala hizo walikejeli kitabu hicho, wakaenda kuziuza katika duka la tumbaku. Mcheza kwao hutunzwa, lakini siku hiyo Artusi hakutunzwa. Kisa hicho kilimuuma hata akakiandika katika utangulizi wa matoleo ya baadaye, akikifananisha kitabu chake na yule msichana wa hadithi aliyenyanyaswa nyumbani kabla ya kuvishwa kiatu cha bahati.

Ilichukua miaka minne kabla ya toleo la pili kutoka, mnamo 1895. Mambo yalianza kubadilika baada ya Paolo Mantegazza, mwanasayansi na seneta aliyeheshimika, kumwandikia Artusi kumsifu kwa kazi yake. Habari zikasambaa kutoka nyumba hadi nyumba. Artusi mwenyewe ndiye aliyekuwa akiviuza vitabu kwa posta kutoka nyumbani kwake. Maagizo yalimiminika, na pamoja nayo barua za akina mama kutoka pembe zote za nchi, baadhi wakiuliza, baadhi wakisahihisha, wengine wakimtumia mapishi ya kwao. Mengi ya mapishi hayo aliyajaribu na kuyaongeza. Kufikia mwisho wa maisha yake kitabu kilikuwa na maelekezo 790.

Siri ya mafanikio hayo ilikuwa nini? Ya kwanza ilikuwa urahisi. Katika zama hizo vitabu vya mapishi viliandikiwa wapishi wa majumba ya wakubwa, na lugha yao ilijaa maneno ya Kifaransa yasiyoeleweka na mke wa karani. Artusi aliwaandikia watu wa kawaida wa mijini. Aliwaambia kwamba si lazima mtu azaliwe na sufuria kichwani ili awe mpishi, kwani moyo wa kupenda kazi, uangalifu na mazoea ya kupima sawasawa vinatosha. Zaidi ya yote, aliwasihi wachague vitu bora sokoni, kwa kuwa kitu kizuri humsitiri mpishi.

Hapo ndipo ulipo msingi wa upishi wa Italia wa majira ya joto hadi leo. Jua linapowaka nyanya huiva hadi zikawa nyekundu ndani na nje, mrehani hunukia bustanini, biringanya na mung'unye hufurika sokoni, na mtu hana hamu ya kukaa mbele ya jiko kwa nusu siku. Kinachohitajika ni viungo vichache, vibichi, vilivyochumwa karibuni, na mkono usioviharibu.

Mfano bora ni maelekezo yake ya nyanya. Alitofautisha mchuzi mwepesi na rojo. Kwa mchuzi mwepesi, nyanya zilipikwa peke yake na kuchujwa, na akiongeza chochote basi ni kipande kidogo cha seleri na majani machache ya kotimiri au mrehani. Kwa rojo, alikatakata robo ya kitunguu, punje moja ya kitunguu saumu, kipande cha seleri chenye urefu wa kidole, majani machache ya mrehani na kotimiri kiasi. Akatia mafuta, chumvi na pilipili manga, akakata nyanya saba au nane, na vyote vikawekwa motoni kwa pamoja. Vilikorogwa hadi rojo likawa zito kama malai mepesi, kisha likapitishwa katika chujio. Rojo hilo, kwa maoni yake, lilifaa kwa nyama ya kuchemsha, kwa wali wa Kiitalia na kwa tambi zilizotiwa siagi na jibini.

Hata hapo hakukosa kisa. Alisimulia kuhusu padri mmoja wa mji wa Romagna aliyekuwa akijiingiza katika mambo ya kila nyumba. Kwa kuwa alikuwa mtu mwadilifu, na mema aliyoyatenda yalizidi madhara, waumini walimwacha aendelee, ila wakampa jina la Padri Nyanya, kwa sababu nyanya nayo huingia katika kila chakula. Nyanya, iliyoletwa Ulaya kutoka bara la Amerika karne tatu kabla, ilikuwa imechukua muda mrefu kukubaliwa. Kufikia wakati wa Artusi ilikuwa imeshinda.

Biringanya ilikuwa na historia chungu zaidi. Artusi alikumbuka kwamba miaka 40 hivi kabla ya kuandika kwake, biringanya ilikuwa nadra sana katika soko la Florence, kwa vile ilidharauliwa na kuitwa chakula cha Wayahudi. Yeye aliitetea kuwa haisumbui tumbo, akashauri zichaguliwe zile ndogo au za wastani ambazo hazijakomaa na kuwa chungu. Tena akasema bila kuficha kwamba katika jambo hilo, kama katika mengine makubwa zaidi, Wayahudi walikuwa na pua nzuri kuliko Wakristo. Katika Ulaya ya mwisho wa karne ya 19, ambapo chuki dhidi ya Wayahudi ilikuwa ikipamba moto, hayo hayakuwa maneno madogo.

Kitabuni mlikuwa pia na mapichi yaliyojazwa biskuti, sukari na lozi, na aiskrimu za matunda za kutuliza joto. Mwishoni Artusi aliorodhesha karamu mbili kwa kila mwezi wa mwaka, ili mama wa nyumba ajue ni kitu gani kinachofaa kuliwa wakati gani. Kila msimu na chakula chake, ndivyo alivyoamini. Nguzo zake zilikuwa tatu: afya, uangalifu wa matumizi na ladha nzuri.

Siri ya pili ilikuwa lugha. Italia iliungana kuwa ufalme mmoja mwaka wa 1861, lakini wananchi wake wengi walizungumza lahaja zao, hata mtu wa kaskazini na wa kusini wasielewane. Chakula kimoja kilikuwa na majina tofauti kila baada ya milima miwili. Artusi aliandika kwa Kiitalia fasaha na chepesi cha Florence. Mama wa Bologna akaweza kupika chakula cha Toscana, na wa Toscana akajua jinsi ya kusukuma tambi za Romagna. Wataalamu wengi wa historia wanakiri kwamba kitabu hicho kilisaidia kueneza lugha ya taifa majumbani, mahali ambapo sheria na hotuba za wanasiasa hazikuwa zikifika.

Kazi yake haikukosa upungufu. Mapishi mengi yalitoka Romagna, Toscana na maeneo ya kaskazini, ilhali kusini mwa nchi kuliguswa kidogo tu. Aidha, msomaji aliyelengwa alikuwa mtu wa tabaka la kati. Miaka hiyo hiyo mamilioni ya Waitalia walikuwa maskini hohehahe. Wakulima wengi wa kaskazini waliishi kwa sima ya mahindi pekee, wakaugua ugonjwa wa pelagra unaotokana na lishe duni, na wengine wengi wakapanda meli kwenda Amerika kutafuta riziki. Kwao karamu za Artusi zilikuwa ndoto. Hata hivyo, mboga, nyanya na mafuta ya zeituni alivyovipa heshima vilikuja baadaye kuwa fahari ya matajiri na maskini sawia.

Artusi aliendelea kusahihisha kitabu chake hadi uzeeni. Alifariki dunia mjini Florence tarehe 30 Machi 1911, akiwa na umri wa miaka 90, akazikwa katika makaburi ya San Miniato al Monte, juu ya kilima kinachoutazama mji uliompokea.

Wasia wake uliposomwa, ulidhihirisha moyo aliokuwa nao. Haki za kitabu, ambazo kufikia wakati huo zilikuwa na thamani kubwa, aliwaachia Francesco na Marietta, watumishi wawili ambao mikono yao ndiyo iliyoyapika mapishi yote yale. Katika enzi ambayo mtumishi aliagwa kwa nguo kuukuu na shukrani, hao wawili walirithi jasho lao.

Na sehemu kubwa ya mali yake iliyobaki aliiachia Forlimpopoli, mji ule ule ambao familia yake iliukimbia kwa machozi, ambao ulimpokonya dada yake, na ambao nakala za kitabu chake ziliuzwa katika duka la tumbaku.

Mji huo nao ulikuja kulipa deni. Tangu mwaka wa 1997 umekuwa ukiandaa tamasha la chakula kwa heshima yake wakati wa majira ya joto, na mwaka wa 2007 ulifungua kituo cha upishi wa nyumbani chenye maktaba, mkahawa na shule ya mapishi, kikapewa jina lake. Tuzo inayotolewa kwa wapishi wa nyumbani imepewa jina la Marietta.

Kitabu chenyewe hakijaacha kuchapishwa tangu 1891. Katika nyumba nyingi za Italia mama humwachia binti yake nakala iliyochakaa, yenye madoa ya mafuta na nyanya, na Waitalia hawaiti kwa jina lake refu. Huiita Artusi tu, kama mtu anayemtaja babu wa ukoo.